Jiko Lililompiga Zuwena

Sinia lilipoanguka, majirani walitoa vichwa madirishani, na kabla hawajauliza kuna nini, Bi Mboni alikwisha wajibu kwa sauti ambayo mtaa mzima wa Makorora unaijua.

"Mikate ya watu! Yarabi, mikate ya harusi ya watu!"

Jikoni, Zuwena alikuwa amekaa sakafuni vilevile alivyotua, mgongo ukutani, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani. Mikate ya kumimina aliyokuwa akiitoa kwenye oveni ilikuwa imesambaa mpaka chini ya meza. Ilikuwa ya harusi ya binti wa Nasra, jirani wa ng'ambo ya barabara.

"Jiko limenipiga tena, mama."

"Limekupiga!" Bi Mboni akashika kiuno. "Lina mikono hilo? Lina fimbo? Kila siku limenipiga, limenipiga. Mbona mimi halinipigi?"

Akachechemea mpaka penye jiko, kandambili zake nene zikilia pa, pa, pa, akaubandika mkono ubavuni mwa jiko na kuuacha palepale. Hakuna kilichotokea. Akamgeukia mkaza mwanawe.

"Haya, niambie. Limenipiga?"

Zuwena akaanza kuokota makombo. Utajibu nini, na mtu ameshika kwa mkono wake mbele ya macho yako?

Sasa, msomaji, usije ukamchukia Bi Mboni mapema. Hakuwa mtu mbaya, na anayesema alikuwa mbaya hakuwahi kuugua akaletewa uji wake. Lakini lile jiko lilikuwa roho yake. Lilikuwa jiko la umeme la plate nne na oveni chini, kubwa, jeupe, limeanza kupauka pembeni. Mumewe alipofariki, jiko hilo ndilo lililomlisha. Mikate yake imeliwa katika harusi, hitima na maulidi ambayo hata hesabu yake hana. Ukilisema vibaya jiko la Bi Mboni, umemsema vibaya mwenyewe, tena mbele ya wakwe.

Goti lilipoanza kumsumbua baada ya Idi, akashindwa kuinama kwenye oveni, akamkabidhi kazi Zuwena, mke wa mwanawe Badru. Akamkabidhi kwa fahari. "Mkaza mwanangu ana adabu, wenzangu," alikuwa akiwatambia wanawake barazani. "Katoka Pangani, kafundwa akafundika. Jikoni kwangu haingii na ndala, anavua mlangoni kama anaingia msikitini. Wa wapi siku hizi?" Wakatikisa vichwa kwa wivu. Hazikupita siku nyingi, adabu ikageuka visingizio. Leo jiko limempiga, kesho limemtupa, keshokutwa anasimama mbali anafungua mlango wa oveni kwa mwiko, kama anayemchokoa nyoka shimoni. Mikate inaungua akiitazama.

Na leo hii, ya Nasra.

Nasra mwenyewe akaja mchana kuichukua, kajifunga kanga mpya ya harusi. Akaitazama ndoo ya makombo, akamtazama Zuwena, akacheka kicheko kile cha puani.

"Mwenzangu Mboni, kama kazi imekushinda si ungesema? Wageni wangu wa Muheza nitawapa makombo?"

"Nisamehe, mwenzangu. Si mimi, ni huyu."

"Huyu hataki kazi," Nasra akasema, wala hakushusha sauti. "Mwanamke wa kulikimbia jiko nimemwona wapi mimi! Ana lake jambo. Chunguza."

Maneno hayo yalimwingia Bi Mboni yakakaa. Alasiri ile akatoka, na goti lake bovu, baraza hadi baraza, akaushusha mzigo wa moyo wake: mkaza mwanangu mwongo, mkaza mwanangu mvivu, jiko analisingizia. Hakuna mlango wa mtaa ule alioupita bila kusimama. Alipomaliza akampigia mwanawe Badru, ambaye ni utingo wa lori la machungwa na wakati huo alikuwa njiani kwenda Nairobi. Badru akasikiliza, akakohoa, akasema, "Mama, mimi niko barabarani. Hayo ya jikoni malizaneni wenyewe." Basi Bi Mboni akapiga simu ya pili, Pangani, kwa Mzee Hatibu, mjomba aliyemlea Zuwena.

"Njoo umchukue mtoto wako," akamwambia. "Mvivu ningemvumilia. Mwongo siwezi."

Zuwena alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia kila neno. Alilia kimyakimya, kanga mdomoni, kwa sababu alijua maana yake. Binti anayerudishwa kwao kwa kuumwa hupokewa, na anayerudishwa kwa kugombana husuluhishwa. Lakini anayerudishwa kwa uongo, Pangani ile ndogo, watu watamwita hivyo mpaka anazikwa.

Mzee Hatibu alifika asubuhi ya pili yake, kanzu imepigwa pasi, mkononi kapu la nazi na ng'onda wa papa aliyekaushwa. Mtu anakuja kushtakiwa na bado amebeba zawadi. Ndivyo wazee wetu walivyo. Bi Mboni alimpokea kwa salamu zote zinazotakiwa, lakini kapu aliliacha palepale barazani, hakuliingiza ndani. Mzee aliliona hilo. Akakaa pembeni kabisa ya kochi, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Mlangoni pa chumba cha Zuwena palikuwa na begi, limekwisha fungwa.

"Bi Mboni," Mzee akaanza, "mtoto ni wako kama alivyo wangu. Kama kuna kosa, tuambizane, tumrudi wote."

"Mzee Hatibu, mimi sina kinyongo. Ila sikutaka nionekane namsingizia mtoto wa mwenzangu. Nimeita fundi. Hanijui, simjui, nimeelekezwa tu. Alipime jiko mbele yako. Akisema bovu, mimi nitakuomba radhi. Akisema zima..." Akaligeukia begi.

"Haki hiyo," akasema Mzee.

Fundi Ernesti alitoka Pongwe na bodaboda, begi la zana begani, buti nyeusi za mpira zimemfika karibu na magoti. Mbondei yule, mcheshi, mdomo wake ulianza kazi kabla ya bisibisi.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba, marahaba. Karibu."

"Mgonjwa yuko wapi? Mimi majiko hayaniongopei. Jiko likiniona tu, linakiri dhambi zake zote kama liko mbele ya padri."

Hakuna aliyecheka. Akaingia jikoni. Akawasha plate moja baada ya nyingine, akagusa bati kwa tesa, ile bisibisi yenye kijitaa ndani ambacho huwaka ikigusa umeme. Kijitaa hakikuwaka. Akawasha oveni, akangoja kidogo, akagusa tena. Hakikuwaka. Akapitisha kiganja juu, ubavuni, mlangoni.

"Zima," akasema. "Zima kabisa! Mama, vyombo vya zamani hivi havitengenezwi tena. Jiko hili litatuzika sote."

Bi Mboni akafumba macho, akashusha pumzi. Hata yeye mwenyewe hakujua kama alikuwa na hofu kiasi kile.

"Umesikia, Mzee Hatibu? Njia ya mwongo fupi."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Alimtazama mpwa wake kwa muda mrefu, na macho yake yalikuwa yamejaa. Ni jambo la kuumiza kumwona mzee wa makamo yale akitafuta pa kuficha uso.

"Zuwena. Mama yako aliniachia wewe kitandani pa mauti. Nilikulea nikijua kweli ndiyo mali pekee uliyorithi."

"Mjomba, wallahi..."

"Usiape!" Sauti ilimtoka kali mpaka yeye mwenyewe akashtuka. "Usiape, mwanangu. Fundi kasema. Basi ingia upike. Upike mkate mmoja, mimi nikiona, umwachie mkweo. Tusiondoke nyumba ya watu tukiwa na deni la hata mkate."

Zuwena akafunga kanga kiunoni. Akaingia.

Fundi Ernesti alipewa soda, akatoka nayo barazani kupiga soga na yule wa bodaboda. Zuwena alifanya kama afanyavyo siku zote, maana hakujua kufanya vingine: akavua ndala mlangoni, akazipanga pembeni, akafagia, akapiga deki mpaka sakafu ya saruji ikameta, akawasha oveni ipate moto. Uji wa unga wa mchele, tui na hamira ulikuwa umekwisha umuka tangu alfajiri. Bi Mboni aliukoroga mwenyewe. Zuwena akaupaka mafuta mkebe, akamimina, akanyunyiza iliki. Hakumwaga hata tone.

Bi Mboni alisimama karibu na meza, mikono kifuani, akitazama. Moyoni alijiambia: tazama, kumbe anajua. Kumbe akitaka anaweza. Na jambo hilo lilimuudhi zaidi.

Oveni ilipokolea moto, Zuwena akachukua mkebe kwa mkono mmoja. Akasimama mbele ya jiko. Akasimama tu.

"Unangoja nini?" Bi Mboni akauliza.

"Naogopa, mama."

"Mjomba ako anakutazama."

"Bismillahi," Zuwena akasema, akashika mpini wa mlango wa oveni.

Haukutoka ukelele, maana pumzi ya kupigia ukelele haikuwapo. Ilitoka sauti fupi, kama ya mtu aliyekabwa. Mkono ulikakamaa pale mpinini, mwili ukatikisika mara moja, mara mbili, mkebe ukaruka mpaka ukutani, halafu akaachiwa, akaanguka chali kwenye maji ya deki.

"Zuwena!" Mzee Hatibu alipiga magoti pale pale na kanzu yake. "Zuwena! La ilaha! Mwanangu!"

Ukelele uliopigwa ulikuwa wa Bi Mboni. Safari hii haukuwa wa mikate.

Fundi Ernesti aliingia mbio, akazima swichi ya jiko ukutani kabla ya kumgusa mtu, na hilo tuliseme kwa haki yake. Akamwinua Zuwena pamoja na mjomba, wakamkalisha kitini. Alikuwa anapumua, macho wazi, machozi yakishuka yenyewe. Bi Mboni alimwagia maji usoni zaidi ya yaliyohitajika, huku akisema "mwanangu, mwanangu," neno ambalo alikuwa hajalitumia kwa muda.

"Lakini nimepima," fundi alikuwa akisema. Ucheshi wote ulikuwa umemtoka. "Nimepima mimi mwenyewe. Nimeshika kwa mkono..."

Macho yake yakatua mlangoni.

"Dada, zile ndala ni za nani?"

"Zangu," Zuwena akanong'ona.

"Mbona ziko kule?"

Zuwena alimwangalia kana kwamba ameulizwa kwa nini anakula kwa mkono wa kulia. Mzee Hatibu ndiye aliyejibu.

"Ni jikoni kwa mavyaa wake, fundi. Kwetu mke haingii na viatu jikoni kwa mama wa mumewe. Somo aliyemfunda ndivyo alivyomwagiza."

Fundi akaangalia miguu ya Zuwena, peku, imelowa. Akaangalia buti zake za mpira. Akaangalia kandambili nene za Bi Mboni, ambazo tangu zamani hazimtoki mguuni kwa kuogopa baridi ya sakafu. Akajipiga kofi la paji la uso, kwa nguvu hasa.

"Mama, wewe umevaa mpira. Mimi nimevaa mpira. Umeme ukija kwetu haupati njia ya kushuka chini. Huyu dada yuko peku juu ya saruji iliyolowa. Sisi sote tulikuwa tunalipima jiko na viatu, yeye peke yake analipima bila viatu."

"Lakini hata hicho kitaa chako hakikuwaka," Bi Mboni akasema kwa sauti ndogo.

"Nimepima likiwa la baridi. Nilikuwa na haraka ya soda." Alilisema hivyohivyo, hakujitetea. "Ngojeni."

Alitoa begini balbu iliyofungwa nyaya mbili ndefu. Waya mmoja akautoa nje ya dirisha, akaufunga kwenye nondo ya shaba iliyochimbiwa ardhini nje ya ukuta, ambayo mafundi huiita ethi. Akawaambia wote wasogee mpaka mlangoni. Akawasha tena swichi, oveni bado ina moto, akagusa bati la jiko kwa ncha ya waya wa pili.

Balbu ikawaka. Wala haikuwaka kwa kusinzia. Iliwaka kama taa ya sebuleni, ikawamulika nyuso zao zote, na ubavu wa jiko jeupe, na uji wa mkate ukitiririka ukutani.

"Astaghafirullahi," akasema Mzee Hatibu.

Bi Mboni alikaa kitako kwenye ndoo iliyofudikizwa. Balbu nzima! Umeme wa kuwasha balbu nzima ulikuwa unapita katika mwili wa yule msichana, siku baada ya siku, na yeye anashika kiuno na kumuuliza jiko lina fimbo?

Fundi akazima, akalisogeza jiko, akafungua bati la nyuma. Alikuwa akieleza huku akifanya kazi, lakini kwa upole sasa. Koili ya oveni, kile chuma kinachopata moto, imepasuka. Ikiwa ya baridi haina neno, ikipata moto inatanuka na kugusa bati la jiko. Koili hufa, ni jambo la kawaida. Lakini kisichoeleweka ni kwa nini umeme haukatiki. Jiko lina waya wa kijani na njano unaoupeleka umeme uliovuja kule kwenye nondo ya nje, na ukienda huko meni swichi inaanguka papo hapo, nyumba inakuwa giza, mtu anapona. Sasa huo waya...

Akaingiza mkono ndani, akauvuta.

"Umekatwa," akasema. "Haukukatika, umekatwa na koleo. Na tazama walivyoufunga! Nani huyu amefunga waya kwa plasta ya kidonda?"

Akaiinua ile ncha waione. Ilikuwa plasta nyeupe ya hospitali, imezungushwa kwa uangalifu.

Bi Mboni aliijua palepale.

Ramadhani, kumi la mwisho. Zuwena alikuwa amekwenda Pangani kuwatazama watu wake. Oda za Idi zimejaa nyumba nzima, na kila oveni ikishapata moto, meni swichi ta! inaanguka. Ukiirudisha, ta! Mikate imezama mara mbili. Alimlilia Badru: "Fanya ufanyavyo, jiko liwake, watu wamenitolea pesa zao." Badru akampigia rafiki yake mmoja wa gereji, akaambiwa kata ule wa kijani, kelele zitakwisha. Walikosa tepu. Ni yeye Bi Mboni aliyefungua kopo la dawa na kumpa plasta. Ni yeye aliyemshikia tochi. Na kweli, kelele zilikwisha, akamwombea mwanawe dua ndefu usiku ule kwa akili zake.

"Fundi aliyepita huyo," Ernesti akasema. "Tunao wengi, mama. Jiko linalia, yeye badala ya kumtafuta anayeliliza, analiziba mdomo."

Bi Mboni akafungua kinywa. "Ndiyo," akasema. "Mafundi wa siku hizi..."

Likatoka hivyohivyo, jepesi. Hakuna aliyelitilia shaka. Na hapo ndipo mambo yangeishia, Mungu shahidi wangu, kama Mzee Hatibu asingekuwa muungwana.

"Alhamdulillahi," Mzee akasema, akijifuta macho kwa ncha ya kanzu. "Basi kosa si la mtoto, wala si lako, Bi Mboni. Ni la fundi asiye na huruma. Zuwena, mkweo alidanganywa na alichokiona kwa macho yake. Njoo umshike mkono. Kama ulimjibu vibaya siku yoyote, akusamehe, tuanze upya."

Na Zuwena akainuka. Akaja mpaka penye ndoo, akapiga magoti kwenye sakafu ileile, akauchukua mkono wa Bi Mboni kwa mikono yake miwili, mmoja umeungua kiganjani, akauinamia aubusu.

"Nisamehe, mama. Nilikukosea nilipokataa kuchoma mikate."

Bi Mboni akaunyakua mkono wake kana kwamba ni yeye sasa aliyepigwa.

"Usiniombe msamaha! Zuwena, inuka. Inuka, usinifanyie hivyo!" Akaanza kulia, kilio kibaya cha mtu mzima ambacho hakijui pa kuanzia. "Hapana fundi aliyepita. Plasta ile yangu mimi. Nilitaka jiko liwake, nilikuwa na mikate ya watu. Nilimshikia tochi kwa mkono huu huu, Badru akakata."

Fundi Ernesti akainama ndani ya begi lake kama anatafuta kitu.

"Badru?" Zuwena akauliza.

"Mwanangu, hatukujua..."

"Badru ndiye aliyekata?" Hakupandisha sauti. "Nilimwambia Badru. Siku ya kwanza kabisa nilimpigia simu nikamwambia jiko linanipiga. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, vumilia, mama ana maneno mengi lakini ana moyo mzuri. Nikampigia tena. Akasema vaa kitu mguuni. Nikamwambia siwezi, ni jikoni kwa mama. Akasema haya, vumilia."

Bi Mboni alikumbuka mwanawe alivyokohoa kwenye simu. Hakuwa na mafua. Alijua. Alijua tangu siku ya kwanza, akaona afadhali mkewe aitwe mwongo kuliko mama yake aambiwe ukweli na mikate isimame. Na nani aliyemlea hivyo, awe mtu wa kumwogopa mama yake kuliko anavyomwogopa Mungu?

Fundi alifanya kilichobaki bila soga. Akauunga ule waya kama inavyotakiwa, akaibandua plasta, akawasha oveni mara moja ili wajionee. Ta! Meni swichi ikaanguka, feni ya sebuleni ikazunguka taratibu mpaka ikasimama. "Hivyo ndivyo inavyotakiwa," akasema. "Msiiguse oveni mpaka nilete koili nyingine." Alipotaka kulipwa alitaja bei ya koili tu, ya kupima, akasema, hastahili.

Zuwena alikwisha toka jikoni. Aliporudi alikuwa amejitanda, begi mkononi.

"Mwanangu," Bi Mboni akamwambia, "begi la nini tena? Ukweli umejulikana. Hakuna anayekurudisha."

"Najua, mama. Sirudishwi. Nakwenda mwenyewe." Sauti yake ilikuwa ya adabu ileile, na hilo lilimuumiza Bi Mboni kuliko matusi. "Wewe umesema, na mimi nimesikia, nimesamehe. Badru hajasema. Akirudi, mwambie niko Pangani. Aje mwenyewe, aniambie kwa kinywa chake, si kwa simu. Akishindwa, nitajua nimeolewa na nani."

Bi Mboni akamtazama Mzee Hatibu amsaidie. Mzee akatikisa kichwa. "Ana haki," akasema.

Basi Bi Mboni hakubembeleza. Mwanamke mwenye akili anajua neno likikatwa. Aliingiza lile kapu la nazi ndani, akarudi, akashika mkanda mmoja wa begi, Zuwena mwingine, wakatoka hivyo juani, goti likimchoma kila hatua.

Ng'ambo ya barabara, barazani kwa Nasra, wanawake walikuwa wakichambua mchele wa harusi. Walipowaona, mikono ikasimama kwenye ungo.

"Aa, ndo anarudishwa," Nasra akasema. "Bora, mwenzangu. Umechelewa hata."

Bi Mboni akaachia mkanda wa begi. Akavuka. Akasimama mbele ya baraza, si pembeni, mbele kabisa, penye kuonekana.

"Harudishwi. Sikilizeni vizuri, maana niliwaambia jingine na nilisema kwa sauti. Mkaza mwanangu si mwongo. Jiko langu lilikuwa linampiga kweli, umeme wa kuua mtu. Mwanangu ndiye aliyeliharibu na mimi ndiye niliyemtuma, halafu nikaja hapa nikamtangaza. Mikate yako, Nasra, niliimwaga mimi."

Nasra alibaki na chembe za mchele vidoleni. Mmoja wa wale wanawake akashusha macho. Bi Mboni hakungoja wamjibu. Akageuka, akachechemea mpaka mlango wa pili, akabisha hodi.

Kule kwenye kona, basi la Pangani lilikuwa limewasha injini na kondakta anapiga bati. Mzee Hatibu akamgusa mpwa wake begani.

"Twende, mwanangu. Litatuacha."

Zuwena hakusogea. Alikuwa anamtazama mavyaa wake akisimama mlango wa pili, akisema maneno yaleyale, akishika ukuta kwa ajili ya goti, akienda mlango wa tatu. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakumwita arudi.

"Liache liende, mjomba," akasema. "Mwache amalize."